Barafu ya Nanasi Isiyo Tamu Sana

Anping, Tainan,
Taiwan.
9 Septemba

Mpendwa mdogo wangu Yueh-chin,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini goti lako limepata nafuu na kwamba baridi ya Vancouver haijaanza kukusumbua. Sisi huku tu wazima, isipokuwa shemeji yako Kun-huang, na habari zake ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Jicho lake la kushoto halisomi tena gazeti. Daktari amesema ni kisukari, na kwamba asipojizuia, la kulia litafuata. Kun-huang alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, kisha tulipotoka tu hospitalini akataka tupitie kwa Bibi Liao kula barafu ya kukwangua yenye maharage matamu na sharubati. Unamjua.

Niliona kumkataza ni kazi bure; afadhali barafu nitengeneze mwenyewe. Nilimenya nanasi lililoiva hasa, nikalisaga bila sukari, nikaligandisha. Sikujua kwamba sukari ndiyo huilainisha barafu. Iliganda kama jiwe. Aliigonga kwa kijiko, akaniuliza, "Mama Chih-wei, hii ya kula au ya kujengea ukuta?"

Sasa nimejifunza. Vipande vya nanasi vigandishwe kwanza, pamoja na ndizi mbivu, ndipo visagwe na chumvi kidogo sana, kama ile tunayonyunyizia mapera. Kisha rudisha kwenye friza, na uikwangue kwa uma kila inapoanza kushika. Embe halihitaji ndizi. Bakuli liwe dogo, kwa maana daktari amesisitiza kwamba tunda nalo lina sukari yake.

Kun-huang akaanza kula, akinung'unika, lakini akala. Ndipo Chih-wei alipokuja kututembelea kutoka Taipei pamoja na mkewe, Pei-shan. Mkwe wetu alionja, akafurahi kwa dhati. "Mama, nzuri kweli! Si tamu sana."

Wewe umeondoka siku nyingi, kwa hiyo nikukumbushe. Kwa watu wa Taipei, kitindamlo hakiwezi kupata sifa kubwa kuliko hiyo. Hapa Tainan, mgeni akisema hivyo, maana yake mwenye nyumba kaibania sukari.

Kun-huang aliweka kijiko chini. "Umesikia? Hata mkwe anatuonea huruma."

"Jamani, Baba, mimi nimesifu!"

"Sifa gani hiyo? Huko kwenu mnasifiana kwa matusi?"

Chih-wei alicheka, jambo ambalo halikusaidia.

Tangu siku hiyo Kun-huang hakuigusa barafu yangu. Wiki iliyofuata alivaa kofia, akasema anakwenda kunyoosha miguu, akashika njia ya kwa Bibi Liao. Sikumfuata. Mtu mzima hafuatwi barabarani. Nilikaa jikoni nikilifikiria jicho la kulia.

Alirudi mapema, amekunja uso. "Yule mama siku hizi ana nini? Kamwaga sharubati mpaka koo linawasha! Nimeacha nusu."

Bibi Liao hajabadilisha kipimo chake tangu alipokirithi kibanda cha mama yake. Sikumwambia hivyo. Nilimtolea bakuli la nanasi, nikaendelea kuosha vyombo. Alikula lote, akakwangua chini, akasema, "Si tamu sana." Kisha akanisogezea bakuli.

Nilifundisha sarufi mpaka nikastaafu, na nimewasahihisha wengi kwa kusema neno lenye maana mbili. Safari hii sikuuliza. Nilimwongezea kijiko kimoja, si zaidi.

Jicho litapimwa tena mwezi ujao. Kwa hiyo utakapokuja Mwaka Mpya, nakuomba usilete zile peremende za huko. Na ukionja barafu yangu mbele yake, wewe sema ni tamu. Yale maneno mengine mwachie mwenyewe.

Nisalimie shemeji Te-fu, na umwambie Mei-chu kwamba mama yake mkubwa anasubiri picha za mtoto. Wazee wetu waliotangulia wawatazame kwa jicho jema, mle na mlale salama.

Dada yako akupendaye, hata unapochelewa kujibu,

Hsiu-luan