Njia Nne za Kuwasha Moto

Jumatatu, 4 Agosti
Nimejiponza! Mwalimu wa sayansi ameisoma insha yangu mbele ya darasa zima — "Njia Nne za Kuwasha Moto". Akasifu. Kisha akatangaza kwamba Jumamosi, kwenye kambi ya shule, mimi ndiye nitakayewasha moto, bila kiberiti, kwa kuwa nina uzoefu.
Uzoefu! Nimeandika "mimi" kwa sababu insha hupendeza hivyo. Yote nimeyatoa kitabuni. Hapa nyumbani hata jiko huwasha mama. Nilitaka kusema. Nikaishia kusema asante.

Jumanne, 5 Agosti
Lenzi. Nimeazima miwani ya babu ya kusomea. Nukta ya jua ikatulia juu ya jani, moshi ukachomoza — kisha wingu. Babu akatoka akipapasa ukuta. Akasema mjukuu wake anasoma mpaka miwani inafuka.

Jumatano, 6 Agosti
Kupekecha kijiti juu ya ubao. Nusu saa. Malengelenge matatu, moto sifuri. Kaka kauliza kama nasaga unga. Mama kauliza nani kachimba shimo kwenye ubao wake wa vitunguu.

Alhamisi, 7 Agosti
Fundi wa kuchomelea vyuma, jirani yetu, ana jiwe la cheche. Alinitazama kidogo nikilijaribu, akacheka.
"Mwanangu, unalipiga kama unaua nyoka. Likwaruze."
Nikalikwaruza. Cheche ikaangukia pamba, pamba ikashika! Kaniazima jiwe na chuma chake cha kulikwaruzia. Pamba nimejaza kopo zima la biskuti. Njia ya nne — kiberiti cha gesi — sina haja nayo.

Jumamosi, 9 Agosti, jioni
Kambini. Mvua imenyesha tangu asubuhi, sasa imekatika. Watu arobaini wamezunguka kuni. Jiwe na chuma viko mfukoni. Nimefungua kopo.
Vifungo. Vya mashati, vya makoti, vya rangi zote. Nimebeba kopo la biskuti la mama, lile la kushonea!
Sijui nguvu ilitoka wapi. Nikasema, "Mwalimu, sijawahi kuwasha moto kambini. Nilisoma tu."
Halafu Twiga, yule mrefu anayekaa nyuma yangu darasani, akanyoosha mkono. Akasema na yeye ile insha yake ya kuvuka ziwa kwa kuogelea aliitoa kichwani, na ratiba inasema kesho asubuhi ni zamu yake, naye hajui hata kuelea. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mwalimu pia.
"Haya," akaniambia, "leo ndiyo mara yako ya kwanza. Robo saa, tafuteni kitu kikavu."
Wote wametawanyika. Majani mabichi, vijiti vimelowa. Mimi nimekaa hapa naandika —
Ngoja. Daftari hili ni kavu.
Kurasa tupu za nyuma ni tisa. Twiga amerudi mikono mitupu, ameshachana moja, anaifikicha mpaka iwe laini kama pamba. Cheche tatu zimeanguka, zimezima. Ya nne imeacha ukingo mwekundu unaotembea polepole, Twiga akapuliza kwa nguvu mno, ukazimika.
Zimebaki nane. Zikiisha, nitachana zilizoandikwa, kuanzia Jumatatu.