Mkwe Hayumo Kwenye Mwongozo

Mpendwa mshauri,

Nisaidie. Mimi ni mjumbe wa baraza la rufaa la nyumba za umma, tuko watatu, na juzi alikuja mzee mmoja, fundi saa, anayetakiwa kuhama kwa sababu mpangaji aliyefariki ni mama mkwe wake, na mwongozo wetu unasema nyumba huachiwa "kwa kawaida mwenza au mtoto", basi mwenyekiti akamuuliza, "Wewe ni nani kwa marehemu?" akajibu, "Mkwe," akaulizwa mkewe yuko wapi, akasema, "Alitangulia. Nikabaki na mama yake, tukawa tunamlilia pamoja," na kumbe ndiye aliyekuwa akimpikia uji na kumbeba hadi kwenye kiti cha dirishani, mama wa watu haoni tena, anamwita mwanangu, lakini mwenyekiti akafunga faili, "Mwongozo ni mwongozo, pole sana mzee," mwenzetu akatikisa kichwa kukubali, na mimi nikanyamaza, mshauri, na Ijumaa tunatia saini. Mwenyekiti ndiye aliyenipigania nikapata kiti hiki. Nifanyeje?

Mjumbe Asiyelala

Mjumbe,

Pole. Barua yako imeniliza, kisha ikanikasirisha.

Mwenyekiti wako si mtu mbaya. Bila mwongozo mngempa nyumba anayewachekesha na kumnyima aliyenuna. Lakini mwongozo unaongoza tu, hauburuzi mtu. Kinachofunga ni sheria, na kazi ya kupima mmepewa ninyi, si karatasi. Tena umenukuu mwenyewe "kwa kawaida", halafu ukayaruka maneno hayo kama dimbwi! Mkwe aliyebaki kumlea mama wa marehemu mkewe, hiyo ni kawaida gani, hebu niambie?

Omba mkae tena kabla ya Ijumaa. Mwambie mwenyekiti, kwa heshima zote, kwamba mwongozo mmeusoma ila mtu hamjampima. Akikataa, usitie saini uamuzi wake. Andika wako na sababu zako: uji, kiti cha dirishani, neno mwanangu. Shukrani zako kwa kiti hicho mpelekee mwenyekiti nyumbani kwake, usimshukuru kwa nyumba ya mtu mwingine.

Huenda ukashindwa, wawili kwa mmoja, na mzee akafungasha saa zake. Sitakudanganya. Lakini haya yote umeniandikia mimi, nisiye na nyumba ya kumpa. Mzee mwenyewe hajayasikia. Ayasikie kwako, kwa sauti, kabla hajarudisha funguo.