Eilert Saathoff, Aliyerudi Kuyategua Mabomu Aliyoyatega

Eilert wetu,

Leo, tarehe 9 Oktoba 1920, mwaka umetimia tangu utoke hapa nyumbani Emden ukaelekea bandarini, usirudi tena.

Ulikuwa mtu wa maneno machache. Asubuhi hakuna aliyethubutu kukusemesha kabla hujamaliza kikombe cha tatu cha chai. Viatu vyetu sote ulivishona wewe, na baba alipopooza ulimnyoa kila Jumamosi.

Vitani ulitumikia nyambizi ya Ujerumani ya kutega mabomu baharini, kuanzia Novemba 1916. Ulisafiri nayo mara saba. Kila safari ilibeba mabomu kumi na nane, nawe ndiwe uliyeyaachia kwenye njia za meli. Meli kumi na moja zilizama.

Safari ya tano, bomu moja lilikwama kwenye bomba lake, na meli ya doria ilikuwa inakuja. Nahodha aliamuru mzame.

"Bwana Nahodha, tukizama nalo litatulipukia, hatuibuki," ulimwambia. "Nipe dakika tano."

Ukapanda juu, ukalisukuma kwa upondo mpaka likaachia. Watu ishirini na sita walirudi makwao.

Safari ya nane ilikukuta hospitalini, una homa ya mapafu. Nyambizi haikurudi. Uliwaandikia mama za wenzako wote waliozama nayo, mmoja mmoja.

Vita vilipokwisha, ulijiandikisha kwenye mashua za kuopoa mabomu. Mama alikusihi ubaki.

"Mama, mabomu hayajui kama vita vimekwisha. Wavuvi wanakufa."

Mdogo wako Okko, mvuvi, alikufokea: "Waende waliokupa amri, mjinga wee!"

"Waliotoa amri hawajui yalipo. Mimi najua."

Uliopoa thelathini na moja. La thelathini na mbili lilipasua mashua yenu, na bahari haikuturudishia mwili wako.

Ramani uliyoichora kwa kumbukumbu, mkeo Gesche aliipeleka kwa wenzako wa mashua nyingine. Machi mwaka huu walimaliza kulisafisha eneo lako lote. Siku iliyofuata Okko alikwenda kutupa nyavu hapo, wa kwanza kabisa, wengine wakimtazama kutoka mbali. Jioni alirudi na kapu limejaa, akaliweka mezani, akalia.

Unakumbukwa na mama yako Trientje, mkeo Gesche, binti yako Foelke, mdogo wako Okko, na wavuvi wanaopita pale sasa bila hofu.

Hatutakusahau, Eilert, maisha yetu yote.