Mafuta ya Nguruwe

Mbinga, 9 Julai 1996

Kaka Joakim,

Bado nausikia ule mlio. Asubuhi ya safari Baba alivuta bastola yake pale mezani, chuma cha juu kikarudi polepole, chwii, badala ya kugonga. "Imeshiba kama padri siku ya Pasaka," alisema. Tukacheka.

Samahani, sijakuamkia. Shikamoo. Wifi na watoto hawajambo? Sisi tunakula, tunalala. Tangu mazishi ya Baba, Mama hajalia, wala mimi.

Dereva wa Baba, Nurdini, aliikuta bastola chini ya kiti cha gari. Majambazi waliomuua njia ya Kitai walichukua fedha za kahawa tu. Polisi wanasema tuirudishe, au mrithi aombe kibali.

Mdogo wako,
Hilda


Ngumbo, 24 Julai 1996

Mdogo wangu Hilda,

Marahaba. Wifi yako alishikwa na malaria, sasa anapika.

Usirudishe kitu! Siku ya kugawa vitu vya marehemu, silaha ni ya mtoto wa kiume mkubwa. Hata wajomba wanajua. Kampuni imenipa kazi ya Baba ya kununua kahawa, nami sipiti Kitai mikono mitupu. Isafishe vizuri, Baba alikuwa akisifu vidole vyako. Na acha kujifungia na vitabu, utageuka mtawa.

Nakuja Jumamosi, tarehe kumi.

Kaka yako,
Joakim


Mbinga, 2 Agosti 1996

Kaka,

Shikamoo. Nashukuru wifi amepona.

Niliifungua bastola juu ya gazeti. Mafuta yake halisi yalikuwa yameisha tangu Mei. Wakati ule, bila kumwambia Baba, nilipaka ya nguruwe, kama tunavyopaka mapanga. Kwa baridi ya huku milimani yaliganda kama mshumaa. Nurdini anasema risasi ya kwanza ilitoka, ikakosa. Ya pili haikuingia. Chuma kilikwama katikati. Baba alikuwa akikivuta kwa mikono miwili walipomfikia.

Nimeyakwangua yote kwa njiti. Sasa inafanya kazi. Ungeipenda.

Mama nilimweleza kwanza. Akasema, "Vaa viatu, mwanangu, nje kuna umande."

Jana niliikabidhi polisi pamoja na kibali cha Baba. Nimeandika maelezo ukurasa mmoja, mafuta nimeyataja, nikatia sahihi. Tarehe kumi njoo. Vya kugawana ni koti, redio na baiskeli.

Mdogo wako,
Hilda