Nondo Dume Walivyoukataa Mtego Wangu

Kapkatet, Jumapili mchana

Mpenzi Mama Atieno,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi. Goti la Mama linaendeleaje? Na Atieno, kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima, ila mafua ya huku hayana huruma na mtu wa ziwani. Nimeamua kuandika kwa sababu haya nikikueleza kwa simu utacheka, kisha mtandao ukatike kabla hujafika kwenye aibu yangu.

Bado niko kiwandani, kwenye sehemu ya kunyausha majani ya chai. Lakini asubuhi kabla ya zamu nina kazi nyingine ndogo. Yule mama mzee niliyepanga kwake, ambaye sote tunamwita Kogo, yaani nyanya, ana shamba la mahindi nyuma ya nyumba. Madam Chebet, afisa wa kilimo, alitundika humo mitego miwili na kuniomba niiangalie. Mmoja ni wa nondo anayezaa viwavijeshi, mwingine ni wa yule anayezaa funza wa kutoboa mabua. Nikisema nondo wameingia, Kogo na majirani wanapiga dawa. Nikisema hawapo, wanangoja.

Mtego wenyewe ni ndoo yenye kifuniko, na ndani kinaning'inia kipande cha mpira kisichozidi ukucha wako. Mpira huo umetiwa harufu ya nondo jike. Dume akiisikia anakuja, anatumbukia. Majike hawana habari nao.

Unanijua kwa maswali. Nikamuuliza Madam, mdudu asiye na pua ananusaje? Asubuhi moja ya ukungu, kabla hakujapambazuka vizuri, akaleta dume mmoja kwenye chupa iliyofungwa wavu mdomoni. Alikuwa ametulia kama jani kavu. Madam akasogeza mpira na kupuliza taratibu. Mama Atieno, yule mdudu aliamka! Akainua vipapasio, mabawa yakatetemeka, akaanza kutembea kuelekea kwenye pumzi ya Madam. Kumbe ananusa kwa vipapasio, na huko nje harufu humfikia vipande vipande. Akiipata, anaruka kuelekea upepo unakotoka. Ikimpotea, anayumba kushoto na kulia mpaka akutane nayo tena.

"Kwa hivyo hajui bibi yake ako wapi?" nikauliza.

"Hajui. Anajua tu upepo imetoka wapi."

Hapo nilicheka peke yangu njia nzima mpaka kiwandani.

Sasa sikia aibu. Siku ya kubadilisha mipira ilipofika, Madam hakuwepo, ila alikuwa ameniachia pakiti mbili, moja ya kila mtego. Wewe unajua sisi watu wa kunyausha chai. Jani hatuliamini mpaka tulibinye kwa vidole na kulisogeza puani, na anayevaa glavu tunamcheka. Basi nikafungua zote mbili, nikaubinya wa kwanza, ule wa funza, nikaunusa, nikaubinya wa pili, wa viwavijeshi, nikaunusa. Sikusikia chochote ila mpira. Nikaitundika, nikaenda zamu nimeridhika.

Wiki mbili mtego wa viwavijeshi ulikuwa mtupu. Kila asubuhi nilipita jikoni kwa Kogo nikasema, "Hakuna kitu." Naye akaahirisha dawa, na majirani pia.

Halafu asubuhi moja akaniita shambani. Mioyo ya mahindi ilikuwa imetafunwa, imejaa uchafu kama unga wa mbao.

"Wewe ulisema hakuna," akaniambia. "Sasa hii inakula mahindi yangu ni nini?"

Nikasema labda ni mvua. Mvua! Hata mimi sikujiamini.

Madam alipokuja aliniuliza kando, "Baba Atieno, hizi vitu ulishika na mkono?"

"Nilishika. Na nikanusa."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Alinieleza kwamba kila dume anajua mchanganyiko wa harufu ya jike wa aina yake. Vidole vyangu vilipaka harufu ya yule mwingine kwenye mpira, kidogo sana, pua yangu isingeipata hata kwa mwaka. Lakini dume akiipata anajua huyu si wa kwetu, anageuka hewani anaenda zake. Walikuwa wanapita juu ya ndoo yangu wakiikataa.

Kogo hakuwa amesikia. Ningeweza kusema mipira ilikuwa ya zamani. Nililala na jambo hilo, na niliona haya kweli, kwa sababu mahindi yale ndiyo chakula chake cha mwaka. Asubuhi nikamwambia yote. Alinipa kopo la majivu, akachukua lake, tukapita mstari kwa mstari tukitoa viwavi na kutia majivu kwenye mioyo ya mahindi. Mistari ya chini imekwenda. Ya juu huenda ikapona.

Mpira mpya Madam aliutundika kwa kibano safi, na kesho yake nikakuta nondo sita. Nilifurahi kumwona adui! Nikakimbia jikoni kumwambia Kogo. Akanitazama.

"Ukiona sita, sema sita," akasema. "Lakini usipoona, usiniambie hakuna. Sema tu haujaona."

Nisalimie Mama, na ndugu yangu Ouma, na shemeji mshona nguo. Atieno mwambie baba yake amepigwa chenga na wadudu. Na mwezi uliopita nilikuambia kwa simu kwamba mahindi yetu ya huko nyumbani hayana shida. Mke wangu, sijayaona. Nenda ukafunue majani kwa mkono wako.

Ni mimi mumeo,
Baba Atieno