Siku Mzee Rajabu Alipojibu Ndiyo

Alhamisi, Arua. Mvua inanyesha hapa Ediofe tangu alfajiri, na mimi nimekaa kitandani na kompyuta mapajani kama mgonjwa. Siumwi. Nimechanganyikiwa tu.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: ninafundisha chuoni, na huu ni mwaka wa tatu ninatafiti tiba ya sanaa kwa ajili ya shahada ya uzamivu. Nataka kujua kama mtu aliyeumia moyoni akikaa na wenzake kila wiki, wakachora, afya yake inapata nafuu. Kikundi changu kiko Midia, upande wa Koboko, karibu na mpaka wa Uganda na Sudan Kusini. Ni watu kumi na wawili, penseli za rangi, karatasi, na darasa tunaloazimwa kila Jumamosi. Mwanzoni niliwauliza maswali ya dodoso. Unalala vizuri? Unaota ndoto mbaya? Unalia? Muuguzi akawapima presha. Jana, baada ya miezi mitatu, tulirudi kuwauliza maswali yaleyale na kuwapima tena.

Ndipo nilipofika kwa Mzee Rajabu.

Zamani alikuwa dereva wa lori, akipeleka bidhaa kutoka Koboko hadi Yei, ng'ambo ya mpaka. Siku moja lori lilishambuliwa njiani, na mdogo wake aliyekaa pembeni yake akafa. Haya sikuyasikia kwake. Nilielezwa na mkewe, Mama Sauda. Mzee mwenyewe, ile mara ya kwanza, kila nilipomuuliza kama ana tatizo hili au lile alijibu neno moja tu: hapana. Haoti, halii, hana shida ya usingizi. "Mimi iko sawa, daktari," aliniambia, ingawa mimi si daktari na nilishamweleza. Kwa majibu hayo, kwenye orodha yangu hakuna aliyekuwa mzima kumshinda.

Kisha akaanza kuchora. Wiki nne za kwanza alichora lori tupu: matairi, taa, turubai, kila kamba mahali pake. Wiki ya tano akamweka mtu mmoja kwenye usukani. Wiki ya nane akachora watu wawili, akaiweka penseli chini, akatoka nje. Hatukumfuata. Nilidhani kumwacha ndiyo heshima. Leo sina hakika.

Jana tulikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya nyumba yake. Unaota ndoto mbaya? Akasema ndiyo. Unalia? Ndiyo. Mara ngapi? Kila siku.

Kinachofuata ninaona aibu kukiandika. Sikuandika jibu lake. Niliuliza tena, kwa sauti laini zaidi, kama mwalimu anayempa mtoto nafasi ya kurekebisha kosa. "Mzee, kila siku kabisa? Au mara mojamoja tu?"

"Ile siku ya kwanza mimi nasema hapana, wewe naandika tu," alisema. "Leo mimi nasema ndiyo, wewe nauliza tena. Sasa wewe nataka gani, binti yangu?"

Niliandika: ndiyo, kila siku.

Muuguzi akampima. Presha, iliyokuwa juu ile mara ya kwanza, ilikuwa imeshuka. Wakati wa kuondoka, Mama Sauda alinisindikiza hadi kwenye bodaboda, nikamuuliza anamwonaje mzee siku hizi. "Miaka yote huyu mzee nakula peke yake, kule nyuma," alisema. "Sasa nakula na sisi. Nalia, ndiyo. Lakini nalia hapa, karibu na sisi."

Kwa hiyo mwili unasema amepata nafuu. Dodoso linasema amekuwa mgonjwa kuliko wote. Mke anasema amerudi nyumbani. Nimsadiki nani?

Leo asubuhi nilimpigia msimamizi wangu, profesa aliyeko Kampala. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanikumbusha kanuni niliyoitia sahihi mwenyewe: hali ya mshiriki ikizidi kuwa mbaya kiasi hicho, kamati ya maadili lazima ipewe taarifa, na vikao visimame mpaka iamue. Vikao vya wote, si vya mzee peke yake. "Lakini iangalie vizuri karatasi yako," akasema. "Huenda uliandika vibaya."

Sijui kama alimaanisha nilivyoelewa. Sikuthubutu kumuuliza.

Nilikaa na ile karatasi zaidi ya saa moja. Niliwafikiria wale kumi na mmoja wengine, hasa mama mmoja aliyekimbia Sudan Kusini, ambaye wiki iliyopita alicheka kwa mara ya kwanza mbele yangu. Nilijifikiria na mimi pia, siwezi kudanganya. Utafiti uliosimamishwa si kitu cha kujivunia mbele ya wakuu wa chuo, na mkataba wangu unakaribia kwisha.

Halafu likaja wazo baya zaidi: kwamba labda nimemuumiza kweli. Mtu alikuwa amekifunga kidonda chake kwa namna yake, akaishi nacho, mimi nikaja na penseli za rangi nikakifungua, kisha nikarudi zangu Arua. Au labda mwanzoni alinificha, na jana ndiyo mara ya kwanza amesema kweli, nalo dodoso langu linauita ukweli huo ugonjwa. Nikilishika hili, lile linaonekana upuuzi. Nikilishika lile, hili linaonekana la kujifariji.

Sikubadilisha kitu.

Niliandika taarifa kwa kamati, nikaeleza hata lile swali nililouliza mara mbili, na kwa nini. Nikaituma. Kisha nikampigia mshauri wa afya ya akili anayefanya kazi Koboko, akakubali twende pamoja kwa mzee kesho.

Mwisho nikampigia Mzee Rajabu mwenyewe, nikamwambia vikao vitasimama kwa muda.

"Iko sababu ya mimi?"

"Hapana, mzee. Iko sababu ya sheria ya kazi yangu."

Ni kweli, ila si kweli yote. Nadhani alijua. Kisha akauliza:

"Na hizi penseli, mimi narudisha?"

Nilimwambia abaki nazo, na kesho nitampelekea karatasi. Akashukuru, akaniambia niwasalimie wazazi wangu.

Katika fomu ya ile taarifa kulikuwa na swali ambalo bado linanisumbua: je, kwa maoni ya mtafiti, hali hii imesababishwa na vikao? Palikuwa na visanduku viwili tu, ndiyo na hapana. Nimesoma miaka yote hii ili niweze kujibu swali la namna hiyo. Niliviacha vyote viwili vitupu, nikaandika pembeni: Sijui.

Wale wa kamati wanaweza kunirudishia. Wakinirudishia, nitaandika neno hilohilo.