Usilete Kengele Hiyo Wamaza

Ujiji, 4 Februari 1953

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa dada Marie-Thérèse, bibi harusi wetu. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti.

Nimenunua velo, huku kwa Waingereza wanaiita baisikeli. Kazi yangu iko bandarini Kigoma, na chumba changu kiko Ujiji. Kila asubuhi nilikuwa nafika nimelowa jasho, karani mkuu ananitazama kama gunia lililotoboka. Sasa naendesha. Wiki ya kwanza niliingia mara mbili katika muhogo wa mama mmoja, maana huku watu hupita kushoto, na mikono yangu bado inavuta kulia kama nyumbani. Akaniuliza, "Wewe Mmanyema, muhogo wangu umekukosea nini?" Lakini leo nashuka mlima nikipiga kengele, watu wote wananipisha. Juni nitakuja nayo harusini.

Mwanao, Gaston

Wamaza, 2 Machi 1953

Mwanangu Gaston,

Salamu zimefika. Afya iko, muhogo uko, na hasira yangu pia iko.

Miguu tuliyokuzaa nayo, mimi na marehemu mama yako, ina kasoro gani? Ualimu walininyang'anya kwa sababu ya mdomo. Sitaufunga mbele ya mtoto niliyemfundisha kusoma. Wamaza nzima inajua velo moja tu, ya monitere wa pamba, anayetupimia mashamba kwa amri ya Wabelgiji. Anakuja na kaki yake na kofia yake, anapiga kengele tangu mtoni, na mwenye shamba lililopungua kipimo anakula fimbo. Kengele hiyo hatuipishi, tunaikimbia. Nimesoma magazeti ya mapadri, hata yale ya kufungia chumvi: wanasema velo ni maendeleo. Maendeleo gani haya yanayotanguliwa na kengele ili watu wapate nafasi ya kuogopa?

Njoo kwa miguu. Unajua wakwe hawaketi mpaka kaka wa bibi harusi awakaribishe kwa mkono wake. Usipokuwepo, harusi hakuna.

Baba yako, Hippolyte

Ujiji, 29 Machi 1953

Baba,

Shikamoo. Nafurahi kusikia afya ni nzuri. Hasira nimeiona mwenyewe.

Nimepewa likizo fupi. Nikivuka ziwa na kupanda lori hadi Kabambare, halafu nianze kutembea, nitafika kuwapungia mkono tu. Nitakuja na velo. Mimi si monitere, Baba! Mimi ni mtu wa kupanga magunia. Nani atanikimbia?

Mwanao, Gaston

Ujiji, 30 Juni 1953

Baba,

Salamu. Sitaki kuuliza habari za afya. Nani mgonjwa anaweza kukimbia vile?

Nilipiga kengele tangu mtoni kwa furaha. Niliingia uwanjani nikakuta viti vimepangwa, sufuria tano jikoni, moto unawaka, na kuku tu ndio wa kunipokea. Niliita majina yenu hadi sauti ikakauka. Nilifikiri mmekufa! Kisha nikaona kandambili moja ya dada katika njia ya msituni, nikajitazama: kaputula ya kaki, kofia ya kazi. Nikaelewa, nikakaa chini nikatukana.

Nilingoja siku mbili, nikila wali wa harusi peke yangu. Likizo ikaisha. Nimeifungua kengele kwa kisu na kuiacha juu ya kiti chako. Fanya nayo unachotaka. Harusi je?

Mwanao, Gaston

Wamaza, 9 Agosti 1953

Mwanangu,

Sisi ni wazima. Kasirika, lakini soma hadi mwisho.

Harusi ilivunjika, na si kwa sababu yako peke yako. Kengele ilipolia, bwana harusi Roger alikuwa wa kwanza kukimbia, akamwacha dada yako na kitambaa kichwani. Tulilala msituni, kama tunavyofanya akija monitere, na tuliporudi siku ya tatu Marie-Thérèse akamwambia mbele ya watu wote: "Mimi siolewi na mgongo. Leo nimeona mgongo wako tu." Akachukua kengele yako, akaifunga kwenye nguzo ya jiko. Tangu siku hiyo, kila chakula kikiiva anaipiga na kupaza sauti, "Mutazoea!" Nilimgombeza. Wiki ya kwanza wazee waliruka. Wiki ya tatu walianza kuja, sahani mkononi.

Jumanne moja ya Julai monitere akaja kweli. Akapiga kengele tangu mtoni. Gaston, watu walimkimbilia! Watoto, wazee, mimi mwenyewe na bakuli langu. Mbele yetu wote, Roger, ambaye hakuacha kuja kuomba msamaha, na sahani yake. Tulipomwona mwenye velo, tukaganda. Kila mguu ulijua njia ya msituni. Roger hakugeuka, akamnyooshea monitere sahani tupu na kusema, "Bwana, tulifikiri umeleta chakula." Dada yako alicheka hadi akashika nguzo.

Monitere alipima mashamba yote. Langu lilipungua, akanipa siku saba za kulima barabara. Nimezilima, na mdomo wangu haukupumzika hata siku moja.

Wakwe wamerudi, na dada yako amekubali. Wanasema wataketi wiki ya kwanza ya Desemba, ukiwepo. Omba likizo. Uje na velo, uvae hiyo kaki yako ya upuuzi, na kengele nyingine ununue kubwa zaidi. Uipige tangu mtoni, ili tujue kuweka chakula mezani.

Baba yako, Hippolyte